Saa Sitini na Nane

Verediana Kikoti alimaliza shahada ya ualimu wa hesabu miaka sita kabla ya kupata kazi yake ya kwanza yenye mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa wa miezi mitatu. Miaka hiyo sita aliishi Mbeya, mtaa wa Ilemi, kwa shangazi yake Sabina, akifundisha tuisheni watoto wa majirani pale sebuleni. Nafasi za ualimu zilipotangazwa aliomba. Majina yalipotoka aliisoma orodha mara mbili, mara ya pili akianzia chini, maana huenda jina lilimpita. Halikuwa limempita.

Mwaka wa sita zikatoka nafasi za aina nyingine. Walitafutwa wadadisi wa utafiti wa nguvu kazi, watu wa kwenda nyumba kwa nyumba na kishikwambi mkononi, kuuliza nani anafanya kazi, nani hafanyi, nani anaitafuta. Verediana aliomba, akaitwa. Kwa kuwa alizaliwa Kalenga na Kihehe ni lugha ya mama yake, alipangwa kwenye timu ya Iringa.

Mafunzo yalikuwa ya siku kumi, Iringa mjini. Msimamizi wao, Fred, mwanamume mpole aliyekuwa amezunguka na tafiti kama hizo kwa miaka mingi, aliwasomea swali moja hadi wakalijua kama sala: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote, hata kwa saa moja, kwa malipo au kwa faida?" Mtu akijibu ndiyo, anahesabiwa ana kazi. Akijibu hapana, unaendelea: anatafuta? Yuko tayari kuanza?

Verediana alinyoosha mkono. "Hata saa moja?"

"Hata saa moja."

"Mtu aliyeuza karanga saa moja tu wiki nzima, ana kazi?"

"Ana kazi. Nchi nyingi zinapima hivyo. Kipimo kikiwa kimoja ndipo unaweza kulinganisha."

"Na anayefundisha tuisheni nyumbani?"

"Huyo naye ana kazi, Vere," Fred alisema, na watu wakacheka, kwa sababu wengi mle ndani walikuwa walimu wa tuisheni.

Verediana hakucheka. Kwa miaka sita alikuwa amewaambia watu kanisani, mama yake, hata mchumba aliyeondoka, kwamba hana kazi. Sasa anaambiwa alikuwa nayo wakati wote. Aliandika sentensi ile kwenye daftari, akaipigia mstari, kisha akaweka alama ya kuuliza pembeni yake.

Katikati ya Agosti walimpeleka Ruaha Mbuyuni. Joto la kule chini halifanani na baridi ya Iringa mjini. Alifika na sweta, akalifunga kiunoni. Ulikuwa msimu wa kuvuna vitunguu. Kando ya barabara kuu vilirundikwa chini ya vibanda vya nyasi, vyekundu, na magari yalisimama yakipakia mchana kutwa. Mwenyekiti wa kitongoji, Danieli, mtu mnene mwenye sauti ya kwenye mikutano, alimpokea vizuri, akamwonyesha kaya zote kumi na sita alizopangiwa, kisha akaaga kwamba ana shughuli.

Kaya ya kwanza ilikuwa ya Regina Nkuba. Verediana alisimama mlangoni akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene!" Mwanamke wa miaka arobaini hivi akatoka akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi Msukuma, dada," alisema. "Wazee wangu walishuka na ng'ombe mpaka Usangu, na mimi nikafuata vitunguu mpaka huku. Tuongee Kiswahili tu. Karibu. Mimi wananiita Mama Mbuke."

Walikaa kwenye vigoda. Verediana alisoma swali lake polepole. Siku saba zilizopita, kazi yoyote, hata saa moja?

"Hapana," alisema Mama Mbuke.

"Hata kibarua?"

"Hapana. Nipo nipo tu."

Vidole vyake vilikuwa vimechanjwachanjwa na kisu, na kucha zimeingia rangi ya maganda ya vitunguu. Harufu ilijaa uani. Verediana alitazama vile vidole, akatazama kishikwambi, akabonyeza "hapana", akahifadhi.

Kaya ya pili: hapana. Ya tatu: hapana. Ya nne alimkuta kijana amelala kwenye gunia tupu, miguu ina vumbi la shambani hadi magotini. Akasema hajafanya kazi tangu Pasaka. Ya tano, mzee alisema hapana kabla swali halijaisha. Kufikia saa nane mchana kaya saba zilikuwa zimejibu, na kwa majibu yao, kitongoji kile kizima, katikati ya mavuno, kilikuwa kimekaa bila kufanya lolote.

Kaya ya nane ilikuwa ya bibi mmoja asiyejua kuficha. "Mwenyekiti alituambia tuseme hatuna kazi," alisema. "Au nimekosea? Ulishauliza?"

Bibi akamweleza yote, ndipo Verediana akaelewa. Danieli alikuwa amesikia mahali kwamba serikali inataka kujenga chuo cha ufundi, na kwamba kitajengwa penye watu wengi wasio na kazi. Akapita nyumba kwa nyumba kuwaandaa watu. Hakuwa na nia mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa na vijana wawili waliomaliza kidato cha nne na hawakuwa na pa kwenda.

Verediana alisimama chini ya mkwaju akampigia simu Fred, akamweleza yote.

"Nifanye nini? Nikiandika wanachosema, ni uongo. Nikiandika ninachokiona, ni mimi najibu, si wao."

"Wewe si polisi," Fred alisema. "Usimbishie mtu. Lakini usikubali jibu kabla mtu hajaelewa swali. Rudi, tumia maswali ya ziada yaliyo kwenye mwongozo. Na lolote utakalobadilisha, andika sababu kwenye sehemu ya maoni. Kila mara."

"Na wakisema tena hapana?"

"Utaandika hapana," alisema Fred.

Jibu hilo halikumsaidia. Alihisi kama mtu aliyetumwa kupima kitambaa kwa kamba inayovutika. Zaidi ya hapo, kulikuwa na jambo alilolificha hata kwa Fred: hakuwa na hakika kwamba Danieli alikuwa amekosea. Mtu anayechambua vitunguu kwa wiki kumi kisha anakaa wiki arobaini na mbili akingoja, ana kazi kweli? Yeye mwenyewe angekasirika kuambiwa anayo.

Siku mbili baadaye alirudi kwa Mama Mbuke, lakini hakumkuta nyumbani. Alimkuta kwenye kibanda cha vitunguu, amekaa chini na wanawake wengine, wanakata mikia na kutenga vikubwa na vidogo. Alipomwona alitabasamu kwa aibu.

"Umenikamata."

"Sijaja kukukamata, Mama Mbuke. Naomba tu nirudie swali, hukulielewa vizuri kwa sababu yangu."

"Nililielewa." Kisu hakikusimama. "Nisikilize, dada. Ukiniandika nina kazi, mkubwa huko juu atasoma, atasema huyu ana kazi, tupite kwa mwingine. Sasa mimi Januari nitakula nini? Hiyo kazi uliyoniandikia?"

Wanawake wengine wakaguna kukubali. Verediana alikaa chini, akafungua kwenye kishikwambi kurasa zinazofuata za dodoso, zile ambazo kwenye mafunzo walizipitia haraka mchana wa mwisho. Kulikuwa na maswali ya saa. Kulikuwa na swali kama mtu angependa kufanya kazi zaidi, na kama kazi yake ni ya mwaka mzima au ya msimu, na ya miezi mingapi. Aliyasoma kimyakimya, akahisi jambo linaanza kumfungukia, ingawa si lote.

"Mama Mbuke," alisema, "swali la kwanza ni mlango tu. Ukisema hapana, naufunga, na haya mengine siruhusiwi kukuuliza. Januari yako iko huku ndani."

Mama Mbuke alisimamisha kisu. "Yasome."

Akayasoma. Walianza kuhesabu pamoja. Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, toa saa moja ya kula: kumi na moja kila siku. Jumamosi hadi adhuhuri, sita. Jumapili baada ya misa, kuanzia saa tano hadi jua linazama, saba.

"Sitini na nane," alisema Verediana.

"Za wiki moja?" Mama Mbuke alicheka kwa mshangao, kama mtu aliyepimwa urefu akaambiwa ni mrefu kuliko alivyodhani. "Na niandikie nataka zaidi."

"Zaidi ya sitini na nane?"

"Si wiki hii! Januari. Februari. Machi. Sasa hivi nikiongezewa saa nyingine nitakufa."

Lakini kwenye kishikwambi hapakuwa na mahali pa kutenganisha. Swali liliuliza tu: ungependa kufanya kazi zaidi? Ndiyo, hapana. Verediana alishika kichwa. Mwishoni alibonyeza "ndiyo", na kwenye maoni akaandika kwa kirefu kadiri nafasi ilivyoruhusu: mavuno wiki kumi, kuanzia Novemba hakuna, anataka kazi miezi isiyo ya mavuno, jibu la kwanza lilibadilishwa baada ya kueleweshwa swali, mhojiwa alikubali.

Alirudia kaya zote nane za siku ya kwanza, akamalizia zilizobaki. Kumi na mmoja kati ya aliowahoji walikuwa na zaidi ya saa sitini kwa wiki na wote walitaka kazi zaidi. Wawili walishikilia hapana, akaandika hapana.

Danieli alimsubiri barabarani amekunja uso. "Mwalimu, umetuharibia chuo."

"Mwenyekiti, jina la kitongoji hiki halitaonekana popote. Majibu ya hapa yanachanganywa na ya vijiji vingine, yanatangazwa ya mkoa mzima. Chuo hakiwezi kuja kwa sababu ya kaya kumi na sita."

Danieli akauliza, "Kwa hiyo mmekuja kutuhesabu, halafu hatumo?"

"Mmo. Ila hamuonekani."

Aliona usoni mwake kwamba hakuelewa, na yeye mwenyewe, akirudi kwenye gari la timu, hakuwa na hakika kama amesema kitu chenye maana.

Mwishoni mwa Septemba timu yake ilipewa mapumziko ya wiki moja, akaenda Mbeya. Siku ya tatu akagongewa mlango. Alikuwa Lutengano, mdadisi wa timu ya Mbeya ambaye hawakuwahi kukutana, na kishikwambi kama chake. Nyumba ya shangazi Sabina ilikuwa imeangukiwa na bahati nasibu ya utafiti. Shangazi, anayefuga kuku wa mayai na kuuza maandazi asubuhi, aliandikwa ana kazi mbili, akafurahi sana. Kisha ikafika zamu ya Verediana.

"Katika siku saba zilizopita," alianza Lutengano, "ulifanya kazi yoyote..."

"Kazi ya kuuliza hilo swali," alisema Verediana.

Lutengano alicheka, akabonyeza. Verediana Kikoti, ana kazi. Mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki nne. Alitaka kumwambia aongeze hilo kwenye maoni, lakini aliona kijana amechoka na bado ana kaya nyingi, akanyamaza. Baadaye alijuta kunyamaza, kisha hakujua kwa nini anajuta.

Oktoba ikaisha, na mkataba ukaisha. Watoto wa tuisheni walikuwa wamehamia kwa mwalimu mwingine. Alisaidia kukanda maandazi.

Januari alipigiwa simu kutoka Iringa na mwanamke aliyejitambulisha kuwa Goodness, mchambuzi wa takwimu. Sauti yake ilikuwa ya adabu lakini kavu. Kuna majibu kutoka eneo lako yanatutatiza, alisema; unaweza kuja? Nauli wangemtumia.

Verediana alikwenda. Katika chumba kidogo chenye meza mbili, Goodness aligeuza kompyuta ili wote waone. Majina hayakuwepo, namba tu.

"Watu kumi na mmoja, kila mmoja zaidi ya saa sitini kwa wiki, na wote wanasema wanataka kazi zaidi. Mtu anayefanya kazi saa sitini na nane anataka zaidi ya nini? Programu imewatia alama wote. Mwenzangu anashauri tuwaondoe." Akashuka chini kidogo kwenye ukurasa. "Halafu kuna hili. Saba kati yao walijibu kwanza hawana kazi. Siku mbili baadaye wana kazi. Uliwabadilisha wewe?"

"Ndiyo," alisema Verediana.

"Kwa nini?" Goodness aliuliza.

Verediana alijaribu kueleza, akaanza na Danieli, akarudi kwenye vitunguu, akaruka hadi swali lisilotenganisha miezi. Alijisikia akizungumza kama mtu anayejitetea kwa kosa alilolitenda. Katikati ya maneno shaka mpya ikamwingia: je, ni yeye aliyemwambia Mama Mbuke jibu? Alisema mlango. Alisema Januari yako iko ndani. Huko ni kuelewesha swali au ni kumshawishi mtu? Akaikatiza sentensi.

"Sijui," alisema. "Nilidhani najua. Soma maoni. Nilipokuwa kule nilijua zaidi kuliko sasa."

Goodness aliyafungua maoni, ambayo mwenzake hakuwa ameyasoma kwa kuwa yalikuja kwenye faili tofauti. Alisoma moja, la pili, hadi la kumi na moja. Akampigia Fred, ambaye alikumbuka simu ya chini ya mkwaju na maagizo aliyotoa. Kisha akampigia mhojiwa wa zile saa sitini na nane, kwa namba iliyoachwa kwa ajili ya uhakiki, akaweka sauti ya nje.

Ilikuwa sauti ya Mama Mbuke. Goodness alimuuliza alifanya kazi saa ngapi wiki iliyopita.

"Wiki iliyopita? Sifuri, dada yangu. Vitunguu vimeisha tangu mwezi wa kumi na moja. Niko hapa nimekaa. Kwani yule mwalimu hakuandika? Nilimwambia Januari."

Goodness alishukuru, akakata simu, akakaa akitazama ile namba kwenye kioo. Sitini na nane Agosti, sifuri Januari, mtu mmoja.

"Hawaondoki," alisema hatimaye. "Tungewafuta, jedwali la kazi za msimu lingeonyesha watu wanafanya kazi kawaida mwaka mzima. Na mtu angepanga mambo juu ya hilo." Akamtazama Verediana. "Kuna watu wa mipango wanaomba jedwali hilo kila wiki. Ulifanya vizuri kuandika."

Verediana alitoka nje hajui kama amesifiwa au ameponea chupuchupu.

Ripoti ilitoka katikati ya mwaka. Shangazi Sabina alisikia redioni kwamba wasio na ajira vijijini ni wachache sana, akamwita kutoka jikoni. "Njoo usikie! Mmepungua!" Verediana alisikiliza taarifa hadi mwisho. Juu ya misimu hawakusema lolote. Alipoifungua ripoti kwenye simu, jedwali lilikuwepo, mbali kabisa nyuma, lenye safu moja tu ya mkoa wa Iringa. Aliikuza kwa vidole, akaitazama. Kumi na mmoja wake walikuwa humo ndani mahali fulani, wamechanganywa na wavuna nyanya na wachuma chai.

Februari iliyofuata alisafiri kwenda Morogoro kwenye usaili wa shule moja binafsi. Wakati wa kurudi alishuka Ruaha Mbuyuni kuwasalimia watu, akidhani atakaa nusu saa. Alikuta ofisi ya kijiji imejaa watu, wengi wanawake, na mwalimu mgeni amesimama mbele na kichanja cha mfano cha kuhifadhia vitunguu. Mradi mmoja wa mafunzo ya ufundi, ambao hapo awali ulipanga madarasa yake Julai na Agosti, ulikuwa umeyahamishia Januari hadi Machi, na badala ya cherehani peke yake ukaongeza uhifadhi wa mazao.

Danieli alimshika mkono kwa nguvu. "Unaona, mwalimu? Nilikuambia. Tuliwaambia hatuna kazi, na wametuletea."

Verediana alijiuliza kama ndivyo. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amemuuliza Goodness kwa ujumbe kama ratiba za miradi hubadilika kwa sababu ya majedwali. Goodness alijibu kwamba lile jedwali liliombwa na watu wengi, ila yeye hajui nani alilisoma. Huenda mradi ulilisoma. Huenda walikuja Agosti mwaka uliopita wakakuta madarasa matupu, watu wote mashambani, wakajifunza wenyewe. Huenda Danieli alipiga kelele mahali panapostahili. Alimwambia tu, "Hongera, mwenyekiti."

Ndani, Mama Mbuke alikuwa amesimama anabishana na mwalimu mgeni. Kichanja hicho, alisema, kimeinuliwa mno; upepo wa hapa unapiga chini, mtu wa hapa anajua. Mwalimu alisema kitabu kinasema hivyo. Wanawake wakaanza kusema wote kwa pamoja, mmoja akaenda nje kuchukua fimbo apimie. Mama Mbuke alimwona Verediana, akampungia mkono wenye chaki bila kuacha kubishana. Verediana alipata nafasi kwenye benchi la nyuma, akaweka begi miguuni. Basi la Mbeya lilikuwa bado saa mbili kufika.